Antena ya Ndani, ya Yagi, ya Wavu au ya Pamoja: Ipi Itaifaa Nyumba Yako Lamu?

Antena inayoonyesha chaneli zote kule Wiyoni inaweza isipate hata moja ndani ya nyumba ya mawe Mkomani, ingawa zote mbili zimenunuliwa duka moja kwa bei moja. Ndiyo sababu mtu akiniuliza, "Fundi, antena gani nzuri?", nami humuuliza: nyumba yako ni ya mawe au ya makuti? Televisheni iko tini au ghorofani? Paa ni lako au la mwenye nyumba? Majibu hayo yanapunguza machaguo haraka kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye boksi.

Hapa nalinganisha njia nne ambazo watu wa Lamu hutumia kupata televisheni ya ardhini, yaani ile inayorushwa na minara na kupokewa kwa king'amuzi au kwa televisheni yenyewe. Dishi la setilaiti ni habari nyingine, na nitaligusa mwishoni tu.

Vigezo vya kupimia

Kenya ilizima matangazo ya analogia mwaka 2015, na tangu hapo televisheni ya ardhini hurushwa kwa mfumo wa kidijitali uitwao DVB-T2. Mabadiliko hayo yaligeuza kabisa namna ya kuijua antena mbovu. Zamani mawimbi yakidhoofika ulipata chenga, lakini mpira uliendelea kuutazama. Siku hizi picha inabaki safi mpaka mawimbi yafike kiwango fulani cha chini, kisha inaganda, inakatika vipande vya mraba, halafu skrini inakuwa nyeusi. Antena iliyo karibu na kiwango hicho itakuonyesha vizuri adhuhuri ya jua na kukutupa usiku wa mvua, katikati ya taarifa ya habari.

Kwa hiyo kigezo cha kwanza ni kunasa kwa akiba. Fungua menyu ya king'amuzi uone vipimo viwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Wengi hutazama nguvu. Mimi nakuomba utazame ubora, kwa sababu nguvu inaweza kujaa hadi mwisho na picha ikakatika bado. Antena nzuri kwako ni ile inayouacha ubora juu hata hali ya hewa ikiharibika.

Kigezo cha pili ni nyumba yenyewe: kuta, paa, na ruhusa ya kupanda. Cha tatu ni chumvi na upepo, ambavyo huku kwetu humaliza antena kabla ya kitu kingine chochote. Cha nne ni gharama, na hapo usihesabu bei ya dukani peke yake. Hesabu pia kebo, mlingoti, fundi, na kazi ya kupanda tena baada ya msimu wa kusi.

Jambo moja litakuokolea pesa kabla hatujaendelea. Maneno "antena ya dijitali" au "HD" kwenye boksi hayana maana yoyote. Antena haijui dijitali wala analogia. Inajua masafa tu. Televisheni ya ardhini hutumia masafa ya UHF, 470 hadi 694 MHz, na fimbo za antena inayoyanasa huwa na urefu wa kati ya sentimita 20 na 32 au karibu na hapo. Chukua rula upime ile ya zamani iliyoko darini. Fimbo zake zikiwa na urefu huo, na hazijaoza, inaweza kufanya kazi leo. Zikiwa za mita moja au zaidi, ilitengenezwa kwa masafa ya VHF ya enzi za analogia; iache.

Antena ya ndani

Ni ile ya kusimama mezani au ya kubandika ukutani, nyingine zikiwa na busta (kikuza mawimbi) ndogo inayopata umeme kwa waya wa USB.

*Kunasa.* Ukuta wa matumbawe na chokaa wa Mji wa Kale unakaribia unene wa nusu mita, na unayala mawimbi, hasa ukiwa umelowa maji ya masika. Ongeza mpangilio wa nyumba zetu: unatoka daka (ukumbi wa mlangoni), unaingia uani, unapita misana (kumbi ndefu za ndani), ndipo ufike ndani. Kila hatua ni ukuta mwingine kati ya televisheni na mnara. Nimeona watu wakiiweka antena ndani ya kidaka cha ukutani kwa sababu panapendeza, na hapo wameizungushia mawe pande tatu. Ghorofa ya tini ya nyumba ya mawe, niseme kweli, antena ya ndani karibu kila mara inashindwa. Ghorofa ya juu, kando ya dirisha linalotazama upande wa mnara, inaweza kukushangaza kwa uzuri.

Mambo ni tofauti Matondoni au Kipungani kwenye nyumba za makuti. Makuti makavu hayazuii sana, na antena iliyofungwa juu chini ya paa inafanya kazi karibu sawa na ya nje. Makuti yakilowa ubora hushuka, kwa hiyo ijaribu siku ya mvua kabla hujaridhika. Mabati ni kinyume: hayapitishi kitu, na unategemea dirisha tu. Vilevile balbu za bei rahisi na chaja zisizo na jina hutoa kelele za umeme zinazoingia moja kwa moja kwenye antena iliyo chumba kimoja nazo. Zima moja moja huku ukitazama kipimo cha ubora.

*Nyumba na ruhusa.* Hapa ndipo inapozishinda zote. Huhitaji paa, ngazi, wala idhini ya mtu. Ukihama unaitia mkobani.

*Chumvi na upepo.* Upepo hauikuti. Chumvi inafika, kwa wanaokaa mbele ya bahari, na utaiona kwa rangi ya kijani kwenye konekta. Ifute, ikaze, basi.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote, na usiiongeze kwa kununua ya pili na ya tatu. Ikiwa ya kwanza haikupata chochote mahali pazuri kabisa pa chumba, ya bei kubwa zaidi haitapita ukuta ule ule. Azima ya jirani kwanza, au kubaliana na mwenye duka kwamba utairudisha isipofaa.

*Inamfaa* mpangaji wa ghorofa ya juu, mwanafunzi wa chumba kimoja, mwenye nyumba ya makuti au ya matofali yenye madirisha mapana.

Antena ya Yagi juu ya mlingoti

Hii ndiyo inayojulikana na wote: boriti refu la alumini lenye fimbo nyingi zilizopangwa mfululizo. Imechukua jina la Mjapani Yagi Hidetsugu, ingawa mwenzake Uda Shintaro ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi. Waliitangaza mwaka 1926, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo.

*Kunasa.* Yagi inatazama upande mmoja tu na inapuuza pande nyingine. Hiyo ni nguvu yake na ni udhaifu wake. Ukiielekeza sawasawa, inanasa mawimbi dhaifu ya mbali na kukataa kelele za ubavuni na nyuma. Ukikosea kidogo, au upepo ukiizungusha, umepoteza. Kenya ina wasambazaji zaidi ya mmoja wa mawimbi, mmojawapo Signet iliyo chini ya KBC, shirika la utangazaji la taifa, na kila msambazaji hubeba kundi la chaneli kwenye masafa yake. Chaneli za kundi moja hupatikana pamoja na hupotea pamoja. Ikiwa Yagi yako inapata kundi moja vizuri na jingine halipo kabisa, huenda minara yao haiko upande mmoja, na hapo Yagi moja haitoshi au unachagua kundi unalolipenda.

Kimo kina thamani kuliko wingi wa fimbo. Mawimbi ya UHF husafiri karibu kama mstari ulionyooka, na duara la dunia linayakata. Mnara wa mita 60 na antena iliyo mita 4 kutoka ardhini huonana hadi kama kilomita 40 pakiwa tambarare. Ipandishe antena hiyo hiyo hadi mita 16, upeo unafika kama kilomita 48. Na katika mji uliobanana kama huu, mita chache za kuivusha juu ya ukuta wa jirani zina faida hata zaidi ya hesabu hiyo.

Angalia pia fimbo zimelala au zimesimama. Minara mingine hurusha mawimbi yaliyolala, mingine yaliyosimama, na antena lazima ifuate. Tembea mtaani utazame antena za majirani zilizo na picha nzuri: zinaelekea wapi, na fimbo zake zimekaaje. Elimu hiyo ni bure.

*Nyumba na ruhusa.* Paa la sakafu ya chokaa, au jiko la juu lenye kuta, ni mahali pazuri pa kusimamisha mlingoti. Lakini Mji wa Kale wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na kutoboa ukuta wa nje unaoonekana barabarani si uamuzi wa fundi. Waulize watu wa uhifadhi wa Makumbusho ya Taifa kwanza. Mara nyingi unaweza kuufunga mlingoti upande wa ndani wa ukuta wa paa, bila kugusa uso wa nyumba, na mtu aliye njiani asiuone kabisa.

Kuna adabu nyingine ambayo baadhi ya mafundi kutoka nje hawaijui. Juu ya paa la Lamu unaona ua wa ndani wa jirani, na huko wamama wamekaa kwa raha zao. Kabla ya kupanda, mwenye nyumba apeleke habari kwa majirani, na fundi apige hodi kwa sauti. Kuta zile zimejengwa kwa ajili ya sitara, na picha ya televisheni haina haki ya kuivunja.

*Chumvi na upepo.* Hapa nitakaa kidogo. Alumini yenyewe inavumilia. Kinachokufa ni boliti za chuma, kijisanduku cha kati ambapo kebo inaingia, na konekta. Chuma cha kawaida kikigusana na alumini palipo na maji ya chumvi, kuoza kunaenda mbio. Omba boliti na klipu za chuma kisichoshika kutu, hata kama utalipa zaidi ya nusu ya bei ya antena yenyewe. Funga kila muungano kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, halafu tepu nyeusi juu yake. Usitumie silikoni inayonuka siki, kwa sababu asidi yake inakula shaba ya ndani ya kebo. Kebo ikunje chini kabla ya kuingia ndani ya nyumba ili maji ya mvua yadondoke nje, yasiifuate hadi kwenye king'amuzi.

Upepo wa kusi ndio mtihani. Boriti refu la Yagi linazungushwa kama halikukazwa, hasa likiwa juu ya bomba laini. Boriti ya mkoko haina kutu na hushikilia vizuri, lakini ifungwe mahali pawili ukutani, si mahali pamoja. Mlingoti ukizidi mita 3 juu ya kifungo cha mwisho, uwekee waya tatu za kuushikilia. Na usimamishe mlingoti wowote mahali ambapo ukianguka utafikia nyaya za stima. Katika vichochoro vyetu nyaya ziko karibu mno, na bomba la chuma mkononi mwa mtu aliye juu ya paa ni hatari ya kifo.

*Gharama.* Antena si ghali. Mlingoti, kebo nzuri, boliti nzuri na fundi ndivyo vinavyopandisha hesabu, na tenga kitu cha ukaguzi kila mwaka kabla ya masika.

*Inamfaa* mwenye nyumba yake mwenyewe, aliye mbali na mnara au aliyezibwa na majengo, na ambaye minara anayoitaka iko upande mmoja.

Antena ya wavu

Ni ile ya bapa: fremu ya waya nyuma, na mbele yake vipande vyenye umbo la kipepeo, viwili au vinne. Haipendwi sana huku, na nadhani inaonewa.

*Kunasa.* Inafunika masafa yote ya UHF kwa usawa zaidi kuliko Yagi nyingi za bei ya chini, ambazo hupokea vizuri sehemu moja ya masafa na kulegea kwenye nyingine. Uwanja wake wa kutazama kulia na kushoto ni mpana, kwa hiyo minara miwili isiyopishana sana inaweza kupatikana bila kugeuza kitu. Kwa umbali mkubwa kabisa, Yagi ndefu iliyoelekezwa vizuri huishinda.

*Nyumba na ruhusa.* Haina boriti linalotoka mbele, kwa hiyo inakaa karibu na ukuta wa paa na haionekani kwa urahisi kutoka njiani. Kwa nyumba za Mji wa Kale hiyo ni sifa kubwa.

*Chumvi na upepo.* Wavu wa nyuma ukiwa wa waya mwembamba uliopakwa rangi, chumvi itaula. Chagua wenye waya mnene au wa alumini. Upepo unausukuma zaidi kuliko Yagi, lakini kwa kuwa ni mfupi na umekaa chini karibu na ukuta, hauzunguki ovyo. Ukilegea kidogo, picha haipotei haraka, kwa sababu haikuhitaji kulenga kwa usahihi ule.

*Gharama.* Karibu sawa na Yagi, na mlingoti wake unaweza kuwa mfupi.

*Inamfaa* aliye na mawimbi ya wastani, anayetaka makundi zaidi ya moja ya chaneli, na ambaye hataki kupanda paani kila msimu.

Kuhusu zile antena ndogo za nje zinazozunguka kwa rimoti: wazo lenyewe si baya, lakini mota iliyo wazi kwa upepo wa chumvi haina maisha marefu, na ikikwama inakwama ikitazama upande usioutaka. Kwa Lamu siishauri.

Antena moja kwa nyumba kadhaa

Nyumba za mawe zimegusana ukuta kwa ukuta, nyingine zimeunganishwa na wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya njia. Antena moja nzuri kwenye paa refu kuliko yote inaweza kuhudumia familia nne au sita, kila moja na king'amuzi chake.

*Kunasa.* Unapata kimo ambacho nyumba yako peke yake haina. Lakini mawimbi yanagawanywa: splita ya njia mbili hupunguza kama desibeli 3.5 kwa kila mmoja, ya njia nne kama 7, na kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu. Kwa hiyo busta ya usambazaji ni lazima hapa, tena iwekwe kabla ya splita, karibu na antena. Tundu la splita lisilotumika lifungwe kwa kifuniko chake maalumu.

*Nyumba na ruhusa.* Paa linakuwa na mlingoti mmoja badala ya sita, jambo ambalo mji wetu unalihitaji. Ruhusa ya kupanda inaombwa kwa nyumba moja tu. Ugumu ni watu. Nani analipa stima ya busta? Fundi ataingia kupitia mlango wa nani, na saa ngapi? Anayehama atadai fungu lake? Kubalianeni mapema na muandike, hata ukurasa mmoja. Mahali niliposhuhudia mfumo huu ukidumu, kulikuwa na mtu mmoja aliyeaminiwa na wote kukusanya pesa za matengenezo.

*Chumvi na upepo.* Miungano ni mingi, basi na mahali pa kuoza ni pengi. Splita ikae ndani au kwenye sanduku lililofungwa, si wazi paani.

*Gharama.* Ukigawa, kila nyumba inalipa chini ya mlingoti wake wa peke yake, na mnaweza kumudu vifaa bora zaidi. Kikiharibika kitu, wote mnakaa gizani pamoja.

*Inamfaa* mtaa wa ndugu au majirani wanaoelewana, nyumba za ndani zilizozungukwa na ndefu zaidi, na mwenye jengo la wapangaji.

Kebo, busta na bahari

Yoyote utakayochagua, mambo haya matatu huamua kuliko umbo la antena, na ndiyo ninayoyaona yakipuuzwa.

Kebo iwe ya RG6, oumu 75, yenye ganda jeusi linalovumilia jua. Mita 20 zake hupoteza takriban desibeli 4 kwenye masafa haya. RG59 nyembamba hupoteza zaidi. Usiunge vipande kwa kusokota waya. Kata kebo mpya yenye urefu unaotosha, na usiizungushe mduara mkubwa nyuma ya televisheni kwa kuwa "itafaa siku moja".

Busta haiumbi mawimbi. Inakuza kilichofika, pamoja na kelele zake. Ikiwa juu ya mlingoti, inakuza kabla kebo haijala kitu, na hapo ina maana. Ikiwa nyuma ya televisheni, inakuza mabaki. Na ikiwa mawimbi yako tayari ni mazuri, au uko karibu na mnara wa simu unaotumia masafa ya 800 MHz, busta inaweza kulemewa na kuharibu picha iliyokuwa salama. Ukiona nguvu imejaa na ubora umelala, iondoe kwanza ujaribu bila hiyo.

Sasa bahari. Mawimbi yakivuka maji kabla ya kukufikia, mengine huja moja kwa moja na mengine hugonga uso wa bahari yakaruka. Yakikutana kwenye antena, yanasaidiana au yanauana, kutegemea tofauti ya njia zao. Maji yakijaa na kupwa, tofauti hiyo inabadilika. Ndiyo sababu mtu wa mbele ya bahari anaweza kupata picha safi asubuhi na kuikosa alasiri, akamlaumu fundi, akabadili antena, tatizo likabaki. Dalili yake ni hii: andika saa picha inapokatika kwa siku kadhaa. Ikiwa saa inasogea mbele kama dakika 50 kila siku, na hali inazidi siku za bamvua, basi ni maji, si antena. Usiipandishe juu zaidi bila kufikiri. Irudishe nyuma kidogo paani, mbali na ukingo, ili ukuta wa paa uzibe njia ya mawimbi yanayotoka majini huku yale ya moja kwa moja yakipita juu yake. Au ishushe au ipandishe nusu mita kwa nusu mita ukitazama ubora wakati wa maji kujaa na wakati wa maji kupwa, uchague kimo kinachovumilia hali zote mbili.

Kwa hali yako

Umepanga chumba ghorofa ya juu Langoni au Gadeni, na dirisha liko wazi: anza na antena ya ndani ya kuazima. Ikionyesha ubora mzuri, nunua yako na usitumie zaidi ya hapo. Ikikosa, zungumza na mwenye nyumba kuhusu ya wavu kwenye paa kabla hujanunua kitu kingine cha mezani.

Umepanga tini kwenye nyumba ya mawe: ruka antena ya ndani. Tafuta kuungwa kwenye antena ya paa ya jirani au ya mwenye nyumba, na kebo yako iwe fupi iwezekanavyo.

Nyumba ni yako, paa refu, majirani hawakuzibi: kwa mawimbi ya wastani nachagua ya wavu, kwa mawimbi dhaifu Yagi. Namna ya kujua ni kumwomba fundi ashike antena paani kwa mkono na king'amuzi kidogo kabla ya kuchimba tundu lolote. Fundi asiyekubali kupima kabla ya kufunga, mwache.

Uko Mkomani katikati, umezungukwa na nyumba ndefu: usijenge mlingoti wa mita nyingi peke yako. Mtafuteni mwenye paa refu kuliko nyote, mfanye ya pamoja.

Uko Shela au mbele ya bahari na picha inaondoka na kurudi: fuata saa za maji kwanza, kisha sogeza antena uliyonayo. Boliti zako zote ziwe za chuma kisichoshika kutu, na konekta uzikague kusi ikianza na kaskazi ikianza.

Uko Matondoni kwenye nyumba ya makuti: ya ndani iliyofungwa juu chini ya paa, au ya wavu kwenye boriti ya mkoko nje, zote zinafaa. Tofauti utaiona siku ya mvua.

Televisheni yako imetoka nje ya nchi ikiwa imetumika: angalia kwenye menyu au kitabu chake kama inapokea DVB-T2. Nyingi za zamani zina DVB-T peke yake, na hapo hakuna antena itakayosaidia mpaka uiunganishe na king'amuzi.

Na kama uko kisiwa cha mbali, au nyuma ya vilima vya mchanga, na kipimo paani kwenye kimo cha juu kabisa hakionyeshi ubora wowote kwa masafa yote, usinunue busta. Hapo ndipo dishi linapoanza kuwa na maana, na pesa ya mlingoti itumie huko.